Jinsi ya kuandaa jedwali la marudio lenye makundi: mfano wa mbuzi 40 wa mnadani

Mwanafunzi wa sekondari akifika kwenye mada ya takwimu, mara nyingi huwekewa mbele yake jedwali ambalo limekwisha kupangwa, lenye makundi upande mmoja na marudio, yaani idadi ya vipimo vilivyoangukia kila kundi, upande wa pili, kisha huagizwa kutafuta wastani, mediani na modi. Anazikariri kanuni na jibu analipata, lakini hajawahi kuulizwa makundi yale yalitoka wapi, kwa nini yanaanzia 15 na si 16, wala kwa nini yana upana wa 5 na si wa 7. Siku akiajiriwa kuwa afisa mifugo wa kata, akakabidhiwa daftari lililojaa namba na kuambiwa apeleke muhtasari wilayani, ndipo anapogundua kwamba sehemu ngumu ya kazi ni ile ambayo kitabu kilikuwa kikimfanyia.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye daftari. Nimechagua mbuzi kwa kuwa hapa Dodoma, na kwa jirani zetu wa Singida, mbuzi ni mali ambayo kila mtu anaifahamu. Mnadani mara nyingi bei yake hupatanwa kwa macho na mikono, mnunuzi akipapasa mgongo na kiuno kuona kama mifupa imefunikwa na nyama. Tuseme umening'iniza mzani kwenye boriti ya zizi, ukapima mbuzi 40 mmoja baada ya mwingine, na kuandika uzito wao kwa kilo kwa kufuata mfuatano waliokuja nao. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ila nimezipanga ziwe za uzito unaoweza kuukuta kwa mbuzi wetu wa kienyeji:

27, 22, 31, 18, 25, 36, 24, 28, 30, 20
26, 44, 23, 29, 16, 33, 25, 24, 27, 35
21, 30, 28, 19, 26, 38, 22, 34, 25, 29
24, 17, 32, 27, 41, 20, 28, 30, 35, 31

Hatua ya kwanza: jua namba zilivyopatikana

Kabla ya kugawa chochote, jiulize mzani ulisomwaje. Mbuzi aliyening'inizwa hatulii. Anarusha miguu, mshale unatikisika, na ukija kusimama unaukuta kati ya 27 na 28, lakini karibu zaidi na 27, nawe unaandika 27. Hiyo ina maana kwamba 27 iliyomo daftarini si lazima iwe kilo 27 kamili, bali inasimama badala ya uzito wowote ulio kati ya kilo 26.5 na kilo 27.5. Andika juu ya ukurasa: "Uzito kwa kilo, umekadiriwa kwenye kilo iliyo karibu zaidi." Sentensi hiyo fupi ndiyo itakayoamua mipaka ya makundi yako, na katika miaka yangu ya kufundisha mada hii nimeona majedwali mengi yakiharibikia hapo kuliko kwenye kuzidisha na kugawanya.

Ukaguzi mwingine wa kufanya mapema ni kutazama tarakimu za mwisho. Msomaji wa mzani mwenye haraka hupenda kuandika 20, 25 na 30, kwa sababu ndizo namba zilizochorwa kwa wino mzito. Kama namba zimesomwa kwa uangalifu, zile zinazoishia na 0 au 5 zitakuwa karibu moja katika kila tano, yaani kama 8 kati ya 40. Katika daftari letu ziko 10, kiasi ambacho hakinitii wasiwasi. Zingekuwa 20, ningejua kwamba mpimaji amekuwa akikadiria, na ningepanga makundi kama 18–22 na 23–27, ili namba zinazopendwa ziangukie katikati ya kundi badala ya kukaa kwenye ukingo wake.

Hatua ya pili: amua idadi na upana wa makundi

Tafuta namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Hapa ni 16 na 44, na tofauti yake ni 28. Swali linalofuata ni tofauti hiyo igawanywe mara ngapi. Mwaka 1926 Mmarekani Herbert Sturges alipendekeza kanuni ambayo hadi leo hutumika kama mahali pa kuanzia: chukua logi ya idadi ya vipimo katika msingi wa kumi, izidishe kwa 3.322, kisha ongeza 1. Logi ya 40 ni 1.602, ikizidishwa inatoa 5.32, na ukiongeza 1 unapata 6.32. Kwa hiyo makundi 6 au 7 yanatosha. Gawanya 28 kwa 6, unapata 4.67, ambayo unaipandisha hadi 5.

Kanuni hiyo ni msaada tu, haikulazimishi. Ukiweka makundi matatu, mbuzi wadogo na wa kati watachanganyika na hutaona kitu. Ukiweka makundi kumi na tano ya kilo mbilimbili, utabaki na safu zenye mbuzi mmoja na nyingine tupu, na jedwali litakuwa na vurugu ileile ya daftari. Mimi hupendelea upana ambao akili inaubeba bila karatasi, kama 5, 10 au 20, na hupendelea kundi la kwanza lianzie kwenye namba inayogawanyika kwa upana huo. Ndiyo maana tunaanzia 15, ingawa mbuzi mdogo kuliko wote ana kilo 16.

Hatua ya tatu: andika makundi yasiyogongana

Makundi yetu ni 15–19, 20–24, 25–29, 30–34, 35–39 na 40–44. Kila namba ya daftarini ina nyumba moja, wala hakuna inayokosa nyumba.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika 15–20, 20–25, 25–30 na kuendelea. Niliwahi kusahihisha kazi ya namna hiyo, ambayo mwanafunzi alihesabu kwa bidii kubwa na bado jumla ikamgomea. Ukijaribu kwa mbuzi wetu utaona sababu. Wenye kilo 20 ni wawili, wenye 25 ni watatu, wenye 30 ni watatu na wenye 35 ni wawili. Wote kumi watahesabiwa mara mbili, na jumla itakuwa 50 wakati zizini wamo 40. Kibaya zaidi ni mtu anayeligundua tatizo hilo katikati ya kazi akaanza kuwapeleka wengine kundi la chini na wengine kundi la juu bila utaratibu, kwa sababu jumla yake itakuwa 40 na hakuna atakayemshuku.

Hatua ya nne: hesabu kwa vijiti

Chora safu ya makundi kwenye karatasi ya rafu. Pitia daftari mara moja tu, kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho. Kila ukifika kwenye namba, chora kijiti mbele ya kundi lake na uikate namba hiyo kwa penseli. Kijiti cha tano kilazwe juu ya vinne vilivyotangulia ili baadaye uhesabu kwa mafungu ya tano. Usifanye kinyume chake, yaani kutafuta kwanza wote wa kundi la 15–19, kisha kurudi mwanzo kuwatafuta wa 20–24, maana macho yatairuka namba moja na hutajua ni ipi. Ukimaliza, jumlisha marudio. Yasipofika 40, usiendelee.

Hili ndilo jedwali, pamoja na safu ambazo tutazihitaji baadaye:

| Uzito (kilo) | Marudio | Marudio limbikizi | Katikati ya kundi | Marudio × katikati |
|---|---|---|---|---|
| 15–19 | 4 | 4 | 17 | 68 |
| 20–24 | 9 | 13 | 22 | 198 |
| 25–29 | 13 | 26 | 27 | 351 |
| 30–34 | 8 | 34 | 32 | 256 |
| 35–39 | 4 | 38 | 37 | 148 |
| 40–44 | 2 | 40 | 42 | 84 |
| Jumla | 40 | | | 1,105 |

Marudio limbikizi hupatikana kwa kujumlisha marudio kadiri unavyoshuka: 4, kisha 4 na 9 ni 13, kisha 13 na 13 ni 26, hadi ufike 40.

Hatua ya tano: weka mipaka halisi ya kila kundi

Namba 15 na 19 tunaziita vikomo vya kundi, kwa kuwa ndizo namba ndogo na kubwa zinazoweza kuandikwa humo. Mipaka halisi ni kitu kingine. Mbuzi aliyeandikwa 19 anaweza kuwa na kilo 19.4, na aliyeandikwa 15 anaweza kuwa na kilo 14.6, kwa hiyo kundi la kwanza linaanzia 14.5 na kuishia 19.5, na papo hapo penye 19.5 ndipo linapoanzia kundi la pili. Upana wake ni 19.5 kutoa 14.5, yaani 5. Anayetoa 15 kwenye 19 na kupata 4 amesahau kwamba 15, 16, 17, 18 na 19 ni uzito wa aina tano. Azihesabu kwa vidole ataona.

Wengi hukariri kwamba mpaka halisi "hupatikana kwa kutoa 0.5 chini na kuongeza 0.5 juu", na kwa mbuzi wetu ni sahihi. Hata hivyo usahihi wake unatokana na mzani kusomwa kwenye kilo iliyo karibu, si na hesabu yenyewe. Kama mzani ungekuwa unaonyesha nusu kilo, makundi yangeandikwa 15–19.5 na 20–24.5, na mipaka ingekuwa 14.75, 19.75 na 24.75.

Mfano ulio mzito zaidi ni umri. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo matokeo yake yalitolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenye makao makuu yake hapa Dodoma, ilihesabu watu 61,741,120, na umri wao ukapangwa katika makundi ya miaka mitano mitano: 0–4, 5–9, 10–14 na kuendelea. Kwa sura, makundi hayo yanafanana kabisa na ya mbuzi wetu, lakini umri haukadiriwi kwenye mwaka ulio karibu. Mtoto ambaye kesho anatimiza miaka mitano, leo mama yake atakwambia ana miaka minne, wala hakosei. Umri huandikwa kwa miaka iliyotimia. Kwa hiyo kundi la 0–4 linaanzia 0 kamili na kuishia pale mtoto anapotimiza 5, na katikati yake ni 2.5, si 2. Anayeipachika kanuni ya 0.5 hapo atapata mpaka wa chini wa hasi 0.5, yaani mtoto ambaye hajazaliwa, na wastani wake wa umri utapungua kwa nusu mwaka kwa watu wote. Kosa la nusu mwaka kwa kila mtu si dogo pale takwimu hizo zinapotumika kupanga madarasa na chanjo.

Hatua ya sita: tafuta wastani, na ujue umepoteza nini

Katikati ya kundi hupatikana kwa kujumlisha mipaka yake miwili na kugawanya kwa 2. Kwa kundi la 15–19, 14.5 na 19.5 ni 34, na nusu yake ni 17. Zidisha katikati ya kila kundi kwa marudio yake, jumlisha majibu yote, kisha gawanya kwa jumla ya marudio: 1,105 kwa 40 ni kilo 27.625.

Ukiwa huna kikokotoo, tumia wastani wa kudhania. Chagua katikati ya kundi lenye marudio mengi, hapa 27, kisha andika tofauti ya kila katikati na 27: hasi 10, hasi 5, 0, 5, 10 na 15. Zizidishe kwa marudio upate hasi 40, hasi 45, 0, 40, 40 na 30, ambazo jumla yake ni 25. Gawanya 25 kwa 40, unapata 0.625, na ukiiongeza kwenye 27 unarudi palepale.

Sasa rudi kwenye daftari ujumlishe namba zenyewe zote 40. Zinatoa 1,100, na wastani halisi ni 27.5. Jedwali limekosea kwa gramu 125. Napenda kila mwanafunzi afanye ulinganisho huu walau mara moja, kundi kwa kundi, kwa sababu unaonyesha kosa linatoka wapi. Jedwali linadhani kwamba mbuzi wa kundi la 30–34 kwa ujumla wana kilo 256, wakati daftarini wana 251; wa 35–39 linadhani wana 148, wakati wana 144. Katika makundi hayo mawili mbuzi wamejazana upande wa chini, kwa sababu tumeshapita kilele na kadiri uzito unavyopanda mbuzi wanapungua. Upande wa pili wa kilele mambo yamegeuka: makundi ya 15–19 na 20–24 yamepunguziwa kilo mbilimbili, kwa kuwa mbuzi wao wamesogea upande wa juu. Makosa ya pande mbili hufidiana kwa sehemu, na ndiyo sababu wastani wa jedwali mara nyingi hukaribia ule wa kweli ingawa hakuna mbuzi hata mmoja ambaye jedwali linaujua uzito wake.

Hatua ya saba: mediani na modi

Mediani ni uzito unaowagawa mbuzi nusu kwa nusu. Nusu ya 40 ni 20. Shuka kwenye safu ya marudio limbikizi: kufikia mwisho wa kundi la pili wamekwisha kupita 13, na kufikia mwisho wa kundi la tatu wamepita 26, kwa hiyo mbuzi wetu wa 20 yumo katika 25–29. Tunahitaji mbuzi 7 zaidi ya wale 13, na kundi lina 13 waliotawanyika katika kilo 5. Zidisha 7 kwa 5, gawanya kwa 13, unapata 2.69. Ongeza kwenye mpaka halisi wa chini, 24.5, na mediani ni kilo 27.19. Daftarini mediani ni 27. Aliyeanzia 25 badala ya 24.5 atapata 27.69, na hapo unaona faida ya hatua ya tano.

Modi, yaani uzito unaojitokeza mara nyingi kuliko mwingine, hutafutwa ndani ya kundi lenye marudio mengi kuliko yote, nalo ni lilelile la 25–29. Limelizidi la chini yake kwa 4 na la juu yake kwa 5. Kwa hiyo tunachukua 4 kwa 9 ya upana, yaani 2.22, tunaongeza kwenye 24.5 na kupata 26.72. Binafsi siitegemei sana namba hii, kwa kuwa ukisogeza mwanzo wa makundi kwa kilo mbili tu inaweza kuhama. Ninachokiamini ni kwamba mbuzi wengi wako katika kundi hilo.

Hatua ya nane: chora

Histogramu huchorwa kwa nguzo zinazogusana, zikisimama kwenye mipaka halisi 14.5, 19.5, 24.5 hadi 44.5. Hakuna nafasi kati ya nguzo, kwa sababu hakuna nafasi kati ya uzito na uzito. Angalizo moja: ukiamua kuunganisha makundi mawili ya mwisho kuwa 35–44, utapata mbuzi 6 katika upana wa kilo 10, na nguzo yake isimame kwenye urefu wa 3, si 6, maana kinachosoma jicho ni eneo la nguzo.

Mkunjo wa marudio limbikizi huchorwa kwa kuweka nukta juu ya mpaka wa juu wa kila kundi: 4 juu ya 19.5, 13 juu ya 24.5, 26 juu ya 29.5, na kuendelea hadi 40 juu ya 44.5, ukianzia 0 juu ya 14.5. Mchoro huu ndio unaojibu maswali ya mnadani. Mnunuzi akitaka mbuzi wa kilo 30 na kuendelea, soma juu ya 29.5: wako 26 chini yake, wamebaki 14, sawa na asilimia 35. Jibu hilo ni kamili, kwa kuwa swali limeangukia kwenye mpaka.

Akitaka wa kilo 33 na kuendelea, swali limeangukia ndani ya kundi. Kutoka 32.5 hadi 34.5 ni kilo 2 kati ya 5, kwa hiyo unachukua 2 kwa 5 ya mbuzi 8, yaani 3.2, unaongeza 6 walio juu, na unamwambia wako kama 9. Fungua daftari uwahesabu: 36, 44, 33, 35, 38, 34, 41, 35. Ni 8. Ndani ya kundi jedwali hukadiria tu; jibu kamili liko daftarini. Kwa hiyo chini ya kila jedwali unalopeleka wilayani andika kipimo kilichotumika, namba zilivyokadiriwa, tarehe ya kupima, na mahali daftari lilipohifadhiwa.